Maua ambayo Bibi hakuyang'oa

Jembe lilikuwa limeshaingia ardhini mara nne au tano nilipomsikia Mama akiita kutoka mlango wa jikoni.

"Hayo hapana."

Nikasimama. Ilikuwa wiki ya kwanza ya likizo ya Juni, kwetu Lushoto, nyuma ya jiko. Nilichokuwa nakilima kilikuwa, kwa macho yangu, magugu yenye maua tu: majani ya mviringo yaliyotambaa juu ya kila kitu, mashina laini yanayokatika ukiyagusa, na maua ya rangi ya chungwa na manjano yakichungulia katikati. Nilitaka kupanda vitunguu vya majani. Theluthi ya eneo nilikuwa nimeshaimaliza.

"Kwa nini, Mama? Yanaliwa?"

"Sijui."

"Ni dawa?"

"Sijui, mama. Bibi yako hakuyang'oa."

Akarudi kwenye sufuria yake.

Kwetu jibu la namna hiyo hufunga mjadala. Nikaegemeza jembe ukutani. Lakini swali halikuegemea popote. Lilinifuata hadi Dar na limenikalia kichwani miezi sasa. Bibi hakuwa mtu wa maua. Namkumbuka aking'oa mawaridi ya shangazi yangu, yakiwa yamechanua, ili apate nafasi ya mistari miwili ya maharage. Mwanamke kama yule aliachaje kipande kizima cha uwanja, hatua chache tu kutoka jikoni, kiwe cha maua ambayo hata jina hakuna aliyelijua?

Simu ikasema geraniamu

Nilianza kama wanavyoanza wengi siku hizi. Nikapiga picha ya jani, nikaipa programu ya kutambua mimea, ikajibu bila kusita: geraniamu. Nikapiga nyingine kwa karibu zaidi. Ikabadili mawazo, ikaja na kijimea cha majimaji ambacho sijawahi kukisikia.

Nikaituma picha kwenye kundi la familia, na hilo ndilo lilikuwa kosa. Mjomba akaandika kwamba ni sumu, kwa sababu mbuzi hawali. Shangazi akasema ni dawa ya kifua, presha na "mambo mengine", akaweka kile kiuso kinachokonyeza. Binamu mmoja akauliza kama yana soko.

Kesho yake nikapiga picha moja yenye jani, ua na shina kwa pamoja. Safari hii simu ikaandika *nasturtium*, na chini yake jina la kitaalamu: *Tropaeolum majus*. Nikafurahi kama dakika moja hivi. Kisha nikakumbuka kwamba jana yake simu hiyohiyo ilisema geraniamu, kwa uhakika uleule.

Kama lingekuwa suala la kulitazama tu, ningeridhika. Ila kufikia hapo nilikuwa nimeshasoma kwamba nastashamu (nalitamka hivyo, mnisamehe) huliwa, jani hadi ua. Mmea ukishakuwa wa kutiwa kinywani, neno la simu halitoshi.

Mpini wa mwavuli

Aliyenisaidia ni binti yangu wa miaka saba, na hakujua kama ananisaidia. Alikata jani moja, akaligeuza, akaliinua juu ya kichwa cha mwanasesere wake. Mwavuli.

Hapo ndipo nilipoona. Jani la geraniamu lina umbo kama la figo, na kikonyo chake kinaingilia penye lile pengo la ukingoni. Hili halina pengo. Kikonyo kinashika mgongoni mwa jani, karibu katikati, na mishipa inatawanyika kutoka hapo kwenda pande zote kama vijiti vya mwavuli. Ukilitazama kwa juu, unaona nukta nyeupe pale mishipa inapokutana.

Jani la gimbi nalo limeshikwa kwa mgongo, lakini hakuna mtu wa milimani atakayechanganya gimbi na kitu kingine. La kuangalia zaidi ni mbarika. Nao kikonyo chake kinashika kwa ndani, na kwetu huota wenyewe popote palipotupwa takataka. Jani lake limepasuka kama vidole vya mkono na kingo zake zina meno, hivyo ukitulia hutakosea. Nalisema hili kwa sababu mbegu za mbarika zina sumu ya kuua, na sipendi mtu asome makala yangu kisha akatafune jani la kwanza analolikuta jalalani.

Baada ya jani, tukaenda kwenye maji. Mtoto alimimina kikombe kizima. Maji yakajikusanya matonematone, yakabingirika kama zebaki, yakadondoka, na jani likabaki kavu. Ni tabia ya gimbi pia: uso wa jani una nta yenye vinundu vidogo mno, na tone halipati pa kushika.

Kisha ua lenyewe. Petali tano, tatu za chini zina nywelenywele zinapobanwa kuelekea katikati. Stameni, vile vijiti vya chavua, ni nane, tulizihesabu mara tatu kwa sababu mtoto alikuwa akizing'oa. Nyuma ya ua kuna mkia mrefu mwembamba, na ndani ya ncha yake kuna utamu. Huo mkia ndio unaomaliza ubishi, geraniamu haina kitu kama hicho kinachoning'inia nyuma. Na ua likishanyauka, hubaki tunda la mafundo matatu yaliyobanana, kila fundo mbegu moja, iliyokunjamana kama njegere iliyosahauliwa kabatini.

Jani, maji, mkia, mafundo matatu. Nikaamini.

Nikakata robo ya jani, nikatafuna.

Ladha niliyokuwa nikiijua

Mwanzo ni mboga tu, karibu na kabichi mbichi. Kisha ukali unapanda, na haupandi ulimini kama wa pilipili, unakwenda puani. Sekunde chache, halafu unapotea.

Kilichonisumbua si ukali. Nilikuwa nikiijua ladha ile. Nilikuwa nimeshakutana nayo mahali, zamani, na sikuweza kupakumbuka. Siku mbili nilitafuna majani kama sungura, nikijaribu.

Siku ya tatu Mama alikuwa anapasua papai, anakwangua mbegu kwa kijiko kuzitupia kuku. Nikamshika mkono. Tulipokuwa watoto tulikuwa tukishindana nani atafune mbegu nyingi za papai bila kutema. Nikatia mbili mdomoni.

Ndiyo yenyewe.

Baadaye nilisoma kwamba pua yangu haikudanganyika. Kemikali inayozaa ukali huo inaitwa glukotropaeolini, jina lililotokana na mmea huu huu, na imo pia kwenye mbegu za papai. Haina ukali ikiwa imetulia. Unapotafuna, inakutana na kimeng'enya kilichokuwa kimetengwa nayo, na hapo ndipo mafuta makali yanazaliwa, ndugu wa yale ya haradali. Mpapai, mlonge, kabichi, sukuma wiki, figili, haradali na hili ua la nyuma ya jiko vyote wataalamu wameviweka kwenye oda moja, Brassicales. Miaka yote nimekula ukoo huo bila kujua ni ukoo. Kama umewahi kutafuna mzizi wa mlonge, unajua ninachosema.

Nikampa Mama jani. Akatafuna polepole, akakunja pua, akatema mlangoni.

Jioni, hata hivyo, aliniruhusu nikate majani machache mateke niyachanganye kwenye kachumbari. Na maua mawili juu, kwa ajili ya mtoto. Sahani ilirudi tupu. Aliyetafuta mwiko akombe iliyobaki ni mjomba yuleyule wa sumu.

Jina la kuazima

Sasa sikilizeni kichekesho. *Nasturtium* si jina lake.

Kwa wataalamu wa mimea, jina hilo ni la mboga nyingine kabisa, ile ya majani madogo inayoota kwenye vijito vya maji baridi na kupendwa na Waingereza kwenye mkate. Maua haya yalipofika Ulaya, watu wakayaonja, wakakuta ukali uleule, wakayabandika jina la ile mboga. Na asili ya neno lenyewe, kwa Kilatini, ni pua na kukunja. Kinachokunja pua. Mama alikuwa ameshalitamka kwa uso wake kabla sijalisoma.

Msweden Linnaeus ndiye aliyelipa jina la kitaalamu mwaka 1753. Waroma wa kale walikuwa wakishinda vita hutundika silaha za adui kwenye nguzo iliyoitwa *tropaeum*, na Linnaeus alipoutazama mmea huu ukiwa umepanda mti aliona nguzo ya namna hiyo: majani ni ngao, maua ni kofia za chuma zenye damu. Binti yangu aliona miavuli. Nadhani mtu huona kile alichonacho nyumbani.

Mtu wa familia hiyo ninayempenda zaidi ni binti yake Linnaeus, Elisabeth Christina. Mwaka 1762, akiwa na miaka 19, alichapisha maelezo ya jambo aliloliona bustanini wakati wa magharibi: maua haya yalikuwa yakimweka, kama vimulimuli. Watu walibishana muda mrefu, wengine wakadhani ni umeme. Baadaye ikaelezwa kwamba jambo hilo limo ndani ya jicho, namna linavyopokea rangi ya moto juu ya kijani mwanga unapofifia. Nilikaa kibarazani na Mama jioni nzima kulisubiri. Nilipotazama kwa pembeni, nilidhani nimeona. Nilipotazama moja kwa moja, hakuna.

"Mimi naona giza," Mama akasema. "Na mbu."

Asili yake ni milima ya Andes, Amerika Kusini. Wahispania walipeleka Ulaya nduguye mdogo katika karne ya 16, huyu mkubwa akafuata karne ya 17. Lushoto yalifikaje? Mama anachokumbuka ni kwamba Bibi alitoka nayo kwenye nyumba ya Wazungu wa misheni alikokuwa akifua nguo, mbegu zikiwa zimefungwa kwenye pindo la kanga. Mwaka haujui. Na nikitazama sahani yetu ya siku ile, viazi vilitoka milima ileile, mahindi, nyanya na maharage vilivuka bahari ileile, na hakuna anayeviita vya kigeni.

Nikapendekeza tuliite *kikunjapua*. Nimelipigia debe kwenye kundi la familia mara tatu. Hakuna aliyelichukua. Kwa Mama ni "yale maua ya Bibi", na kwa mtoto ni miavuli.

Ndoo tatu za Kimara

Nilirudi Dar na mbegu kumi na nane ndani ya bahasha, zile zilizokuwa zimedondoka zenyewe chini ya mashina na kukauka rangi ya udongo. Hapa nitasema nilichokosea, kwa sababu ndicho chenye faida.

Nilichukua ndoo tatu za rangi, nikazitoboa chini. Mbegu nikaziloweka usiku mmoja, nikazifukia kina cha nusu kidole, moja kwa moja kwenye ndoo ya kudumu, kwani mmea huu hauvumilii kuhamishwa. Mizizi yake ikiguswa unanuna. Siku ya tisa vikachomoza vichwa. Kati ya mbegu tisa za kwanza, saba ziliota.

Na kwa kuwa mimi ni mtoto wa mkulima, niliwapa mbolea. Samadi ya kuku, iliyoiva vizuri, viganja viwili vizito kila ndoo.

Nilipata majani ambayo hujawahi kuyaona. Makubwa kama sahani za chai, ya kijani kibichi kinachong'aa. Majirani walipita wakisifu. Wiki ya tano, majani. Wiki ya saba, majani. Wiki ya tisa jirani mmoja akauliza kama ni mboga mpya, nami sikuwa na jibu lingine ila ndiyo.

Mmea huu ukilishwa vizuri hauna haraka ya kuzaa. Naitrojeni ikizidi, unajenga mwili tu. Unataka udongo hafifu unaopitisha maji, jua la kutosha, na mkono mzito wa kutoa. Ni kinyume cha kila nilichofundishwa juu ya kulima, na nakiri kilinichukua wiki mbili kukubali. Nilikuwa nikifikiri tatizo ni joto la Dar. Joto nalo ni tatizo kweli; mmea wa milimani haupendi mchana wa pwani, ndiyo maana nimeuwahi kipupwe, na Desemba sitajisumbua. Lakini joto lilikuwa lilelile kwa ndoo zote.

Kisha nikapanda mbegu tisa zilizobaki kwenye karai lililopasuka. Jirani alikuwa anachimbiwa msingi, nikaomba ule udongo wa chini, mwekundu usio na chochote, nikauchanganya na mchanga. Nikaliweka upande wa mashariki, lipate jua la asubuhi na kivuli cha ukuta mchana. Maji kila baada ya siku moja. Mbolea hakuna.

Miche ikatoka myembamba, ya kusikitisha. Mtoto akasema ina njaa.

Yakishuka bondeni

Kabla sijaondoka Lushoto niliteremka na mkondo wa maji unaopita chini ya uwanja wetu. Niliyakuta. Mita thelathini hivi kutoka kwetu, mashina matatu, kisha mengine penye maji, yakiwa yametambaa juu ya mimea mingine kama shuka.

Sikupenda nilichokiona. Usambara si mahali pa kuchezea mmea mgeni. Amani, upande wa mashariki wa milima hiyo, Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti mwaka 1902, na mimea mingi ililetwa na kujaribiwa huko. Mti ambao Waganda huuita musizi ulipandwa pale, na sasa umo ndani ya msitu wa asili na hautoki. Msitu wa Magamba hauko mbali na kwetu. New Zealand, nastashamu ilishatoka bustanini zamani na kwenda zake.

Nilitumia asubuhi nzima kuyang'oa yale ya mkondoni, yote, na matunda yake nikayabeba kwenye kikapu. Hayo Mama hakuyatetea. Ya nyuma ya jiko nimemwomba achume mbegu zikiwa bado mbichi. Zikiwekwa kwenye siki na chumvi zinakuwa achari kali nzuri sana. Sijui kama anafanya. Najua hapendi siki.

Nilimuuliza Mama pia kama Bibi aliyaacha maua yale kwa ajili ya wadudu, maana nimesoma kwamba watu hupanda maua haya kando ya kabichi ili vidukari viende huko. Ningependa iwe hivyo. Bibi angekuwa mtaalamu mbele ya wakati wake. Lakini niligeuza majani siku ile. Viwavi wa kipepeo cheupe walikuwa kwenye maua, na walikuwa kwenye kabichi pia, wamenenepa pande zote mbili. Ukali unaomkunja Mama pua ndio unaowaita wao mezani.

Simu ya Jumapili

Juzi Jumapili, ua la kwanza lilifunguka kwenye karai. Moja, la chungwa, mkia nyuma. Nikampigia Mama kabla hata sijanawa uso.

"Shikamoo Mama. Limechanua."

"Marahaba. Kwenye samadi?"

"Hapana. Kwenye udongo wa chini, wa msingi wa jirani. Ule usioota kitu."

"Basi kama pale."

"Pale wapi?"

"Nyuma ya jiko. Si ndipo palipokuwa na shimo la choo cha zamani? Babu yako alipochimba jipya, udongo wote mwekundu uliotoka chini ndio uliofukia lile. Bibi yako alijaribu mahindi, yakakataa. Maharage yakakataa. Na mvua ikinyesha panatitia. Akatupia yale maua, yakashika. Tukaambiwa penye maua hapakanyagwi, na sisi wadogo hatukukanyaga."

Nilikaa kimya. Nilikuwa nikijiona siku ile, miguu imepanuka, jembe juu.

"Mama, nilikuuliza. Ukasema hujui."

"Uliniuliza kama yanaliwa," akasema. "Na kama ni dawa."

Nikamkumbusha kwamba tumeyala. Familia nzima, kwenye kachumbari.

"Limejaa tangu kabla hujazaliwa," akasema. "Na vile vitunguu vyako visingeota."